Jiwe la Mama Mkwe Kwenye Chupa ya Kahawia

Vidole vyangu vimekuwa vya zambarau mara nyingi kuliko vya mpiga kura yeyote wa Homa Bay. Kloridi ya dhahabu ikikugusa ngozi, siku hiyo huoni kitu. Unanawa, unakula, unalala. Kesho yake, jua likishakupiga, kidole kinageuka rangi kama wino wa kura, na hakuna sabuni itakayoutoa mpaka ngozi yenyewe ichoke na kubanduka. Kanisani, mzee mmoja alinishika mkono kunisalimia, akautazama, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini uchaguzi mdogo umefanyika wapi na kwa nini yeye hakuambiwa. Nilimwambia hiyo ni dhahabu. Akanipigapiga begani kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa aliyekataa kwenda hospitali.

Mimi ni Mkuria wa Kehancha niliyekwama Rangwe. Nilikuja huku kufanya kazi ya maabara katika shule moja ya bweni, nikaoa Mjaluo wa Nyatike, nikajenga, nikastaafu, na sasa naitwa mwalimu na watu ambao sikuwahi kuwafundisha chochote. Nyumbani tunaongea Kiswahili, kwa sababu Kikuria mke wangu alikikataa mapema, na Kijaluo changu, kwa maoni yake, kinafaa kwa ng'ombe tu. Kazi ya maabara iliniachia tabia moja mbaya. Mtu akija kwangu simtazami usoni, namtazama anavyofunga kifuniko. Nimeona wachungaji, madiwani na shemeji zangu wakiacha mtungi wazi baada ya kuchota maji, na tangu hapo siwezi kuwasikiliza kwa makini wakiongea mambo makubwa.

Watu wakisikia dhahabu wanafikiria pete. Mimi nafikiria maji mekundu. Dhahabu ikigawanyika vipande vidogo mno, vidogo kiasi cha kuelea ndani ya maji bila kuzama, inaacha kabisa kuwa ya njano. Inakuwa nyekundu, safi, ya kung'aa, kama juisi ya zambarau iliyochujwa vizuri. Nilioneshwa jambo hilo chuoni, na mhadhiri akaipitisha chupa haraka haraka kama mtu anayepitisha picha ya mchumba, na mimi nikaapa kwamba nikistaafu nitaitengeneza yangu, niitazame mpaka nichoke. Wenzangu waliostaafu walinunua kuku wa mayai. Mimi nilinunua vyombo vya kioo.

Namna yake si ngumu kuieleza. Dhahabu hailiwi na asidi moja. Inabidi asidi mbili kali zishirikiane, na hata hapo zinatoa moshi wa kahawia usiofaa kuvutwa na kiumbe yeyote. Zikishamaliza kazi, unabaki na maji ya njano. Hiyo ndiyo kloridi, na hiyo ndiyo mali. Ukiwa nayo, tone dogo kwenye maji yanayochemka, pamoja na chumvi ya ndimu, linatosha. Maji yanakuwa ya kijivu, yanakuwa ya buluu iliyochafuka, wewe unaanza kujilaumu, halafu yanageuka mekundu mbele ya macho yako. Nimeyaona mara nyingi na kila mara nafurahi kama mtoto aliyepewa soda.

Lakini kutengeneza si kazi. Kazi ni kutunza. Maji yale ya njano hayataki jua, hayataki vumbi, na hayataki chuma hata kidogo. Ukiyakoroga na kijiko cha bati, dhahabu inaacha maji na kwenda kukaa kwenye kijiko, ikiwa tope jeusi, na wewe unabaki na maji machafu na kijiko cha gharama kubwa. Ukiyakausha ili yawe chembechembe, basi chembe hizo zinanyonya unyevu wa hewani mpaka zinakuwa uji, na sisi tunakaa karibu na ziwa, ambako hata chumvi ya mezani haimwagiki. Kwa hiyo inatakiwa chupa ya kahawia, kizibo cha kioo, na mahali penye giza pasipoguswa na mtu.

Niambie ni nyumba gani yenye mke, wajukuu na paka ina mahali pasipoguswa na mtu. Nilianza na jokofu. Mke wangu alifungua, akafunga, akaniita. "Mwalimu," akasema, na akiniita mwalimu badala ya Baba Watoto najua nimekosa, "hiyo kitu yako haiwezi kukaa na nyama yangu." Nikahamia kabati la jikoni, nikafukuzwa kabla sijaweka chupa chini. Mwisho nikaishia chumbani kwetu, chini ya kabati la nguo, nyuma ya viatu vya harusi. Hapo palikuwa pazuri kwa giza. Kwa nguo palikuwa msiba. Mvuke wa asidi ulikuwa ukipenya taratibu, ukala viango vya kutundikia nguo vikashika kutu, na kutu ikashuka kwenye mabega ya suti yangu nyeusi. Nilikwenda mazishini nikiwa na mistari miwili ya rangi ya matofali, na mtu mmoja akaniuliza kama nilikuwa nimebeba ngazi. Zipu ya mkoba wa mke wangu iliganda na haijafunguka mpaka leo. Anasema ndani yake kuna kitambaa chake kizuri kuliko vyote.

Chumba hicho kilikuwa na sifa moja zaidi niliyoipenda, nayo ni kwamba mama mkwe wangu asingeweza kuingia.

Wajaluo na Wakuria hawakubaliani hata juu ya namna ya kusonga ugali, lakini kuna jambo moja walilokubaliana bila kuitisha mkutano. Mwanaume na mama mkwe wake hawazoeani. Hampeani mkono. Hamkai kiti kimoja. Hawezi kulala nyumbani kwako, hawezi kukanyaga chumba unacholala, na mkiwa na la kuambiana, linapitia kwa mtu wa katikati, hata kama mmekaa sebule moja na kila mmoja ana masikio mazima. Kwangu mtu wa katikati alikuwa mke wangu. Mama mkwe alikuwa na Kiswahili cha sokoni, na alikuwa akikitumia kila nikiwepo, hata akiongea na binti yake, ili nisije nikadhani nasengenywa. Ulikuwa ustaarabu mkubwa. Ila ulitufanya tuongee kama watu wanaopitisha barua chini ya mlango.

Siku aliyokuja kumwona mjukuu aliyefunga shule, yeye alikaa kwenye kochi na mimi nikakaa kwenye kigoda karibu na mlango, uso wangu ukielekea zizini. Kwenye dirisha nilikuwa nimeacha kichupa cha maji mekundu, kwa sababu saa kumi jua linapita hapo na napenda kuona. Akakitazama muda mrefu.

"Muulize hiyo ni nini," akamwambia mke wangu.

"Mama anauliza hiyo ni nini."

Nilikuwa nimesikia. "Mwambie ni dhahabu."

"Anasema ni dhahabu."

"Dhahabu ya wapi inakuwa nyekundu? Mimi nimeishi machimboni maisha yangu yote."

Nikaeleza, na mke wangu akafupisha maelezo yangu yote kuwa "anasema ameisaga sana." Mama mkwe akatikisa kichwa kwa heshima. Halafu akasema kuna mhubiri kwenye simu ya jirani yake aliyesema kwamba maji ya dhahabu yanaponya magoti, na yeye magoti yake yamemgeuka adui, hata kisimani anakwenda kwa kujivuta.

"Mwambie hii si ya kunywa," nikasema. "Mwambie huyo mhubiri hajui anachosema."

Mke wangu alinitazama, akamtazama mama yake, akasema, "Anasema hii bado haijaiva."

Hapa lazima mtu aelewe utaratibu. Mama mkwe alikuwa amenisikia vizuri sana. Lakini kwa taratibu zetu hakuwa amenisikia, kwa sababu maneno yangu hayakuwa yamemfikia. Yaliyomfikia ni ya mke wangu, na hayo ndiyo aliyoyajibu. "Basi atasubiri iive," akasema, na hapo shauri likaisha bila mimi kuwepo ndani yake.

Muda mfupi baadaye mke wangu alikwenda Nyatike kusaidia kuvuna, na alirudi na fundo kwenye pembe ya leso. Alilifungua mezani. Ndani kulikuwa na jiwe la dhahabu, ukubwa wa njugu iliyomenywa.

Nililijua kwa habari zake. Baba mkwe wangu alikuwa amechimba tangu ujana wake, na alichokipata kilikwenda kwenye unga, karo na matanga ya watu wengine. Jiwe hilo moja tu ndilo hakuliuza. Alimpa mkewe mkononi, akamwambia hili si la duka. Mzee alifariki, na watu waliokuja kwenye mazishi walimshauri mjane aliuze anunue jeneza la maana, akakataa, akamzika kwenye la mbao za kawaida. Miaka ya ukame hakuliuza. Na sasa lilikuwa mezani kwangu, kando ya kopo la chumvi, ili niliyeyushe liwe dawa ya magoti.

"Siwezi," nikasema. "Hii si dhahabu. Huyu ni mzee wako."

"Basi mrudishie mwenyewe. Mwambie umekataa."

Alijua anachofanya. Siwezi kumrudishia mwenyewe, na hakuna mkwe anayemkatalia mama mkwe. Kwetu Kehancha ningechekwa na watoto. Nikamwambia angalau ampigie simu, amweleze mambo yote waziwazi, mimi nisikie. Akapiga, akaweka sauti kubwa.

"Mama, anasema jiwe lote litaingia kwenye maji. Lote."

"Ndivyo ninavyotaka," sauti ikajibu kutoka Nyatike. "Liingie lote, lisibakishe kitu. Nguvu yote iwe kwenye maji."

Sikuona tena sababu ya kubisha. Na nisijifanye mtakatifu: sikuwahi kuwa na dhahabu nyingi kiasi hicho. Siku zote nilifanya kazi na vumbi, vipande vya pete iliyokatika, makombo niliyoletewa na shemeji. Mikono ilikuwa ikiniwasha.

Nilifanyia kazi nyuma ya zizi, upepo ukivuma kuelekea bondeni, nikiwa nimevaa miwani ya plastiki na koti la mvua. Jiwe nililitia kwa haraka, bila kulitazama sana, kwa sababu nilikuwa naona aibu kama mtu anayemvua mzee kofia. Moshi wa kahawia ukapanda. Jirani yangu alikuwa akipita na ng'ombe wake, akasimama, akanusa, akauangalia ule mtambo wa chupa na mirija, akaniambia kwa upole kwamba yeye si mtu wa kusema ya watu, ila ikishaiva nimkumbuke hata kikombe. Nilimwambia atakufa. Akasema wote wanasema hivyo kuhusu ya kwao.

Lilichukua muda, lakini lilikwisha. Chini kukabaki ute mweupe, hiyo ilikuwa fedha iliyochanganyika na dhahabu tangu ardhini, nikauchuja. Juu kulikuwa na maji ya njano mazito, mazuri kupita chochote nilichowahi kutengeneza. Niliyatia kwenye chupa mpya ya kahawia, nikafunga kizibo, nikafunga kitambaa juu ya kizibo, nikaandika JIWE LA MAMA, USIGUSE, nikaiweka kwenye ndoo ya mchanga chini ya kabati la nguo. Mke wangu alihamisha nguo zake zote kwa dada yake.

Hapo ndipo nilipoanza mpango wangu, na nilijiona mjanja. Kumnywesha mama mkwe maji yale singethubutu, mekundu wala ya njano. Lakini kuyatunza naweza. Kwa hiyo kila alipopiga simu kuuliza dawa, jibu lilikuwa lilelile: bado iko gizani, inaiva. Nilitumaini kwamba atasahau, au mhubiri wa kwenye simu atapata ugonjwa mwingine wa kuponya. Mama mkwe hakusahau. Alizoea kupiga jioni baada ya chakula, akamsalimu binti yake, akawasalimu wajukuu, akanisalimu mimi kupitia kwa binti yake, halafu akauliza, "Na chupa inaendeleaje?" Mke wangu akasema inaendelea vizuri. "Ina baridi?" Hapana, Mama, iko kwenye mchanga. Kuna siku aliuliza kama inahitaji kuombewa.

Basi jioni moja akapiga na habari njema. Zahanati ilikuwa imempa dawa ya kupaka, wakamwambia aache kubeba ndoo kichwani, wakamfundisha namna ya kunyoosha miguu akiwa amekaa. Magoti yamelegea. Juzi alikwenda sokoni na kurudi kwa miguu yake. Mimi nilikuwa nimeinua mikono juu kama mtu aliyefunga bao.

"Kwa hivyo hiyo maji muwape wengine," akasema. "Wako watu wengi hapo Rangwe wana magoti. Mimi mniletee jiwe langu."

Mke wangu akasema sawa, Mama. Akakata simu. Tukatazamana.

"Jiwe gani?" nikauliza.

Alikuwa anachambua mboga, na akaendelea kuchambua, lakini alikuwa anatupa majani mazuri na kubakiza mabua. "Jiwe lake," akasema. "Baada ya kuloweka."

"Nani alisema kuloweka?"

"Mwalimu, dawa yote inalowekwa. Manyasi, hiyo dawa yetu ya miti, unaweka mizizi kwa maji, nguvu inatoka inaingia kwa maji, unakunywa. Mizizi unatoa unaanika. Hata nyanya yangu alikuwa na mizizi yake, alikufa akaacha."

Nikakaa chini. Kwa bibi yangu, Kehancha, mizizi ilipondwa ikawa unga, ukameza na uji, na hakuna aliyewahi kudai arudishiwe kitu. Niliposema jiwe lote litaingia kwenye maji, nilimaanisha jiwe. Mama mkwe alielewa nguvu ya jiwe, yote, mpaka ya mwisho, na jiwe lenyewe libaki limechoka kidogo kama mzizi. Na mke wangu, aliyekaa katikati na kusikia pande zote mbili?

"Wewe ulielewa nini?" nikamuuliza.

"Mimi nilielewa uko na digrii."

Sina digrii, nina stashahada, lakini haikuwa saa ya kurekebisha hilo. Tulizozana mpaka ugali ukapoa. Yeye alisema nimemlia mama yake jiwe la mumewe. Mimi nilisema hakuna kilichopotea, dhahabu iko chini ya kabati, kila chembe, na kwamba hiyo ndiyo faida ya kumpa kitu mtu anayejua kufunga kifuniko. "Hakuna kilichopotea," niliendelea kusema, na kadiri nilivyosema ndivyo nilivyozidi kuogopa, kwa sababu nilikuwa najua mama yule alizika mumewe kwenye mbao za kawaida ili asiguse jiwe hilo, na mimi nilikuwa nimelifanya maji.

Kuirudisha dhahabu nilijua. Kuna chumvi ya chuma, ya kijani, ukiitia kwenye maji ya njano dhahabu inaachana na maji na kuzama. Sikulala vizuri, asubuhi nikafanya. Tatizo ni kwamba dhahabu ikirudi hivyo hairudi iking'aa. Inarudi unga wa kahawia, hafifu, na ukiukausha unafanana kabisa na ugoro. Mke wangu alichungulia kwenye kibakuli. "Ukimpelekea hiyo atainusa," akasema.

Tukaenda mjini Migori, kwa mnunuzi mmoja wa dhahabu mwenye kimoto cha gesi. Alichekelea sana. Alisema maisha yake yote anaona watu wakibadilisha udongo kuwa dhahabu, hajawahi kuona mzee mzima akibadilisha dhahabu kuwa udongo. Lakini alikuwa mtu wa adabu. Akautia unga kwenye kikombe cha udongo, akaupiga moto, na unga ukajikunja, ukawa tone, tone likazunguka kwenye kikombe kama jicho, likatulia, likaganda. Lilikuwa zuri mno, la mviringo, la njano iliyoiva kuliko lile jiwe. Na lilikuwa dogo kidogo, kwa sababu ya fedha iliyotoka. Nilimshukuru karibu nimkumbatie. Njiani kuelekea Nyatike nilikuwa nimeshaandaa maneno: Mwambie Mama, ni lilelile, ila limeoga.

Nyumbani kwa mama mkwe nilikaa karibu na mlango, kama inavyotakiwa, mikono kwenye magoti. Yeye alikaa ng'ambo, kwenye kiti chake cha kamba, miguu imenyooshwa namna zahanati ilivyomwonesha. Tone lilikuwa kwenye kisahani. Mke wangu alilipeleka kwa mikono miwili na kupiga goti.

Mama mkwe alilichukua. Hakulitazama hata kidogo. Alilishika kwa kidole gumba na kuligeuza, akaligeuza tena, akitafuta, kama mtu anayetafuta tundu la sindano gizani. Akasimamisha kidole. Akaanza upya.

"Hii si yake," akasema.

Mke wangu akafungua mdomo, nami nikamwahi. "Mwambie ni ileile, Mama aelewe, imeyeyushwa tu ikarudi, hakuna..."

"Iko wapi mahali aliuma?" Mama mkwe alikuwa akiuliza kile kisahani. Halafu akamweleza binti yake, taratibu, kama anaeleza mtu mgeni wa nyumba hiyo. Siku mzee alipolipata alitoka shimoni amejaa matope mpaka kwenye kope, akaja mbio, hakumwambia mtu mwingine. Alilisugua kwenye shati, akaliuma mbele yake aone kama ni dhahabu ya kweli. Na kwa kuwa meno yake ya mbele ya chini yalikuwa yameng'olewa utotoni, kama ilivyokuwa kwa Wajaluo wa rika lake, aliliuma kwa pembeni, kwa gego. Likabaki na shimo. Mahali pa kutosha ncha ya ukucha wa kidole gumba. Mama mkwe mwenyewe kila akiamka alikuwa akilifungua kwenye leso na kuweka kidole hapo, ndipo aende kuwasha moto. "Nilitaka nguvu yake iingie kwa maji," akasema. "Nilifikiria yeye atabaki."

Nilikuwa na maelezo mengi, yote sahihi. Nilimgeukia mke wangu. "Mwambie dhahabu ni ileile. Mwambie kilichopungua ni fedha tu." Mke wangu alinitazama. Kwa mara ya kwanza tangu tuoane alikataa kupeleka ujumbe wangu, hata kwa kuufupisha. Kuku aliingia, akatuangalia, akatoka.

"Orwa," mama mkwe akasema.

Ndivyo wanavyomwita mkwe. Lakini hakuwa amemwambia mke wangu aniite. Alikuwa ameniita mimi. Niliinamisha kichwa nikatazama viatu vyangu.

"Wewe ulijua kuna mahali aliuma?"

"Hapana, Mama. Ningejua nisingeligusa."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kumwambia yeye mwenyewe, baada ya miaka yote ile, na sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mvulana. "Na mimi sikujua jiwe linaweza kuisha," akasema. "Basi tuko sawa."

Kisha akachukua pembe ya leso, akalifuta tone vizuri, akageuka kidogo kuelekea ukutani kwa adabu, na akalitia mdomoni. Yeye pia alikuwa hana meno ya mbele ya chini. Aligeuza uso pembeni, akalisukuma kwa ulimi mpaka kwenye gego, akafumba jicho moja, akauma. Mke wangu alitoa sauti iliyoanza kama kicheko. "Baba alikuwa anauma muwa hivyo," akasema, "hivyo kabisa," na kicheko kikamgeukia kikawa kilio, akainuka na kutoka nje akishikilia ukuta.

Mama mkwe alilitoa, akalitazama kwenye mwanga wa mlango, hakuridhika, akaliuma tena. Safari hii alilishika kwa kidole gumba na kidole kikakaa. "Hili ni laini," akaniambia. "Lile karibu limshinde. Jino lilimuuma wiki nzima, akakataa kusema." Nikasema ndiyo, dhahabu ikitolewa fedha inalainika. Akaitikia kana kwamba nimemwambia jambo la maana kuhusu mumewe.

Tulibaki pale sebuleni, mimi na mama mkwe wangu, peke yetu, jambo lisilofaa kwao wala kwetu. Alikuwa amefumba macho na kidole chake kiko pale kwenye shimo. Nilijua ninapaswa kuinuka nitoke. Sikuinuka, na yeye hakuniambia nitoke.